Majivu Waliyoyazoa Majirani

Mimi ndiye niliyemshawishi dada yangu akate bima ya bani. Nalisema hili mwanzoni ili msomaji ajue kwamba hasira nitakayoieleza hapa, sehemu yake naistahili mwenyewe.

Nilifundisha shule ya msingi hapa Tabora mjini kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na ualimu ukikuingia hautoki. Mtu akiniuliza njia ya kwenda stesheni, simwachi mpaka nimchoree ramani mchangani. Basi wakala wa kampuni moja ya bima alipokuja na karatasi zake za muhtasari, ukurasa mmoja, Kiswahili safi, nilichukua moja nikampelekea dada yangu. Yeye ni mkubwa kwangu, mjane, analima tumbaku upande wa Urambo alikoolewa. Nilimsomea mstari kwa mstari. Aliniuliza swali moja tu.

"Bani likiungua, watakuja?"

"Watakuja, dada. Ndiyo kazi yao."

"Wewe mwalimu, kila kilichoandikwa kwako ni kweli," akasema huku akicheka, kisha akatia dole gumba.

Hati yenyewe ya bima ilikuja baadaye. Ilikuwa kijitabu cha Kiingereza, herufi ndogo kama mbegu za tumbaku. Mimi ninakisoma Kiingereza. Sikukisoma kile kijitabu. Nilikiweka kwenye bahasha nikampa dada akitunze, nikijua kwamba nimekwisha kumweleza yote.

Kwa asiyejua bani, ni kibanda kirefu cha matofali ambamo majani mabichi ya tumbaku hukaushwa. Majani hufungwa kwenye fito, fito hupangwa kwa ngazi kutoka karibu na chini hadi karibu na paa, na moto huwashwa kwenye tanuri lililo nje. Joto huingia ndani kwa mabomba yanayopita sakafuni. Moto hauzimwi mchana wala usiku kwa karibu wiki nzima. Jani moja likishakauka likadondoka juu ya bomba la moto, huna bani tena. Mkulima anaweza kuwa mwangalifu kuliko wote kijijini na bado jani likadondoka.

Kwa dada yangu lilidondoka asubuhi, siku ya nne ya kukausha, yeye akiwa tanurini anasukuma kuni. Alisikia mlio kama wa mtu anayekunja karatasi. Alipoinua kichwa, paa la nyasi lilikuwa limeshika. Hakuna aliyeumia. Lakini maji ya ndoo hayashindani na tumbaku kavu, na kabla ya chai kuchemka paa lilikuwa limeanguka ndani na ukuta mmoja umepasuka.

Alimpigia wakala siku ileile. Wakala akamwambia, "Pole sana mama, tulia, mtathmini anakuja." Neno la kutogusa kitu hakulitamka.

Sasa nieleze jambo ambalo watu wa kampuni hawakulielewa. Pale anapokaa dada yangu, nusu ya majirani ni Wanyamwezi na nusu ni familia zenye asili ya Burundi, ambazo zimezikia wazee wao palepale. Dini zao mbalimbali, nyumbani kila mmoja ana lugha yake, lakini kuna desturi ambayo wote wanaishika: aliyeunguliwa haachiwi majivu. Husema kwamba mwenye nyumba akiamka akayaona, ataungua mara ya pili. Na kuna sababu nyingine isiyohitaji methali. Mavuno ya tumbaku hayaji mara moja. Majani ya chini huiva kwanza, kisha ya kati, kisha ya juu. Bani linapoungua, shambani bado kuna majani yanayogeuka rangi, nayo hayamsubiri mtu. Ukikaa majuma mawili bila bani, umepoteza kilichoungua na ambacho hakijaungua.

Basi kesho yake walikuja. Wanaume walikuja na miti, wanawake na nyasi. Mbele yao alikuwa jirani wa karibu kabisa, mama mtu mzima kuliko dada yangu, ambaye huimba kwaya parokiani na sauti yake hufika mahali kabla yake. Walizoa majivu wakayamwaga kwenye bustani ya mchicha. Walibomoa ukuta uliopasuka, wakakanyaga udongo, wakajenga upya kwa matofali yaleyale. Siku ya tano bani lilikuwa limesimama na moto umewashwa. Nilikuwapo siku hiyo. Nilibeba maji, nikachekwa kwa jinsi ninavyobeba, nikala ugali wa pamoja, nikarudi Tabora nikiwa na furaha. Hata mimi, niliyejua kusoma, sikuona kosa lolote.

Mtathmini alifika siku ya kumi na moja. Dada alinisimulia.

"Mama, nimekuja kuona bani lililoungua."

"Karibu baba. Umesimama juu yake."

Akatazama viatu vyake. "Na hili?"

"Hili jipya."

"Nani aliwaruhusu kujenga?"

Yule mama wa kwaya alikuwa karibu. "Kwani siku hizi kujenga ni kwa ruhusa?" akamwambia. "Mvua imenyesha humu siku saba. Nayo ungeiuliza nani kairuhusu kuosha majivu."

Hakucheka. Alipiga picha bani jipya kutoka pembe nne, akaandika, akaondoka bila kumuuliza mtu jambo jingine lolote.

Baada ya wiki chache ikaja barua. Dada alipanda basi mpaka kwangu, akaketi, akaitoa kwenye kanga. Ilikuwa ya Kiingereza, kwa mwanamke aliyetia dole gumba kwenye fomu yao. Nilianza kumfasiria. Nilipofika mstari wa nne nikasita, nikaendelea na wa tano.

"Umeruka," akasema.

"Sijaruka dada."

"Macho yako yameruka. Mimi sijui kusoma barua, lakini wewe nimekubeba mgongoni. Rudi."

Nikarudi. Mstari wa nne ulisema kwamba mwenye bima aliondoa ushahidi kwa makusudi, na kwamba kampuni imeona dalili za udanganyifu.

"Kwa Kiswahili cha nyumbani?"

"Wanasema uliwadanganya. Kwamba huenda bani lilikuwa tupu, ukalichoma."

Aliichukua barua, akaikunja. Kisha akaniambia neno ambalo lilinionyesha kwamba alielewa hatari kuliko mimi. "Tumbaku nimeshaililia. Lakini nani atanidhamini sasa?"

Katika chama cha msingi cha ushirika, wakulima huchukua mbolea na mbegu kwa vikundi, na kila mmoja humdhamini mwenzake. Kikundi kikikukataa, hulimi. Bima yenyewe ilipitia chama, kwa hiyo nakala ya barua ilikuwa imekwisha kufika ofisini kwao. Mkutano uliofuata, mzee mmoja wa kikundi chake, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kuwa na mlango, alimuuliza mbele ya watu: "Shemeji, tuambie basi, tumbaku uliuza wapi kabla ya kuwasha kiberiti?" Watu wakacheka. Ulikuwa utani, kwa maana ni shemeji yake kweli. Lakini mwenyekiti alisema jambo la dada yangu litangoja mpaka lieleweke, na huo haukuwa utani.

Hapo ndipo nilipokisoma kile kijitabu. Nilikisoma kwa kamusi, siku tatu, kama mtoto wa darasa la sita. Ukurasa wa kumi na moja ulisema mabaki yasiguswe mpaka mtathmini afike. Sharti hilo halikuwamo kwenye muhtasari wa Kiswahili, hata kwa fumbo. Nililisoma huku masikio yakinichoma. Wao walilificha, na mimi niliwasaidia kulificha kwa uvivu wangu.

Lakini niliendelea kusoma, na ukurasa wa kumi na nne ulisema mwenye bima achukue kila hatua ya busara kuzuia hasara isiongezeke. Nilizisoma kurasa hizo mbili mara nyingi. Ukigusa, umevunja ule wa kumi na moja. Ukikaa ukingoja siku kumi na moja, majani yakaozea shambani, umevunja wa kumi na nne. Walikuwa wamejenga nyumba yenye milango miwili, na nyuma ya kila mlango kuna shimo.

Nilikwenda ofisini kwao. Ofisa aliyenipokea alikuwa mstaarabu, alinipa shikamoo na kiti. Nikatoa karatasi nikamchorea bani: tanuri, mabomba, ngazi za fito. Nikamweleza mavuno yanavyokuja kwa awamu. Nilieleza vizuri, najua ninapoeleza vizuri.

"Umewahi kuliona bani?" nikamuuliza.

"Kwenye picha, mzee wangu."

"Na huu ukurasa wa kumi na nne, unasemaje?"

Akaufungua. Akausoma kwa muda. "Mzee wangu, masharti ni masharti. Uamuzi umetoka makao makuu."

"Makao makuu wameliona bani?"

"Mzee wangu, mimi nakuelewa kabisa."

Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko yote. Asiyeelewa nitamweleza mpaka jua lizame, na nitamsifu akifika. Lakini huyu alielewa. Alielewa kabisa, na kuelewa kwake hakukubadilisha kitu. Nilitoka, nikapita njia ya nyumbani nikaikosa, mimi niliyezaliwa mji huu.

Wakati tunahangaika hivyo, bani jingine liliungua, la familia iliyo upande wa pili wa barabara. Dada alinipigia simu mchana. "Hakuna aliyekwenda," akasema. Watu walisimama barabarani wakatoa pole kwa mbali, mikono nyuma. Waliogopa kumharibia mwenzao kama walivyomharibia dada yangu. Majivu yalikaa uwanjani siku tisa, mvua ikiyakoroga, watoto wakiyazunguka kwenda chooni. Na mama wa kwaya akaja kwa dada yangu na kuku mikononi, akapiga magoti sebuleni.

"Nisamehe, mama. Mimi ndiye nilileta nyasi za kwanza."

 Dada alimwinua. Alikataa kumpokea kuku, wakavutana naye mpaka kuku mwenyewe akakimbia. Walicheka, akaniambia, kisha wakalia. Sikucheka na sikulia. Kampuni ilikuwa imemfanya mwanamke mwema apige magoti kuomba msamaha kwa wema wake. Usiku aliponisimulia hayo nikaandika malalamiko kwenda ofisi ya serikali inayosuluhisha migogoro ya bima. Ofisi kama hiyo ipo, na sikujua. Kama nawe hukujua, sasa unajua: mwenye bima akikataliwa anaweza kwenda huko, na hahitaji wakili.

Tulisikilizwa Tabora mjini, kwenye ukumbi mdogo uliokuwa na feni moja. Msuluhishi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye kuuliza taratibu. Kampuni ilimleta mwanasheria. Dada yangu alikuja na majirani saba.

Mwanasheria alisema jambo moja na akalirudia: bila mabaki, hakuna awezaye kujua kama ndani mlikuwa na tumbaku, wala kiasi gani. Majivu yangepimwa. Majivu hayapo.

Nilikuwa nimejiandaa na kurasa zangu mbili, nikazisoma, na msuluhishi akaandika. Lakini jibu la swali la mwanasheria sikuwa nalo. Alikuwa nalo mama wa kwaya, bila kujua kwamba ni jibu. Msuluhishi alimuuliza tu kama aliiona tumbaku ikiingia banini.

"Kuiona? Nimeifunga mimi. Fito sitini na mbili."

"Unakumbukaje idadi?"

Yule mama akamtazama kama mtu aliyeulizwa ana watoto wangapi. "Nani husahau anachodai? Si yeye anayenidai. Mimi ndiye ninayemdai."

Ilibidi aeleze, na kwa mara ya kwanza nilikaa kimya mtu mwingine akafundisha. Kufunga majani kwenye fito ni kazi ya wengi, kwa hiyo wanawake hufungiana. Leo tuko kwako, kesho kwangu, na kila mmoja huhesabu fito alizomfungia mwenzake, kwa sababu zitarudishwa vilevile, fito kwa fito. Hakuna daftari. Kuna vichwa, na vichwa hivyo havisahau, maana ukisahau umefanya kazi bure. Dada yangu alikuwa bado hajamrudishia yeyote, kwa kuwa moto ulitangulia.

Msuluhishi akawatoa nje wote, dada yangu akamweka chumba cha pili, akawaita mmoja mmoja. Wa pili, arobaini na nane. Wa tatu, hamsini na tano. Wa nne alisema arobaini, na alipotoka tukasikia ugomvi barandani: "Arobaini wapi? Moja ilikatika ukaiacha, ni thelathini na tisa, usituongezee!" Msuluhishi aliinamisha uso kwenye karatasi zake, mabega yakimtikisika. Kisha akamuuliza dada yangu, peke yake, anadaiwa ngapi na nani. Dada alizitaja zote, mtu kwa mtu, na za yule wa nne akasema thelathini na tisa.

Mwanasheria aliomba muda wa kuwasiliana na ofisi. Aliporudi, kampuni ilikuwa tayari kulipa fidia kamili, bila kukiri kosa, na dada atie dole gumba kwamba mambo yamekwisha.

"Na ile barua?" dada akauliza.

"Barua ni kumbukumbu ya ndani, mama. Fidia yako unapata yote."

"Fidia ni ya tumbaku. Nauliza barua."

"Mama, ukikataa hili tunaweza kuanza upya. Itachukua muda."

"Baba, mimi ni mkulima. Kungoja nimezaliwa nako." Akaisukuma ile karatasi kwa kidole mpaka ikarudi upande wa mwanasheria. Mimi nilikuwa namkanyaga mguu chini ya meza ili atie dole. Nakiri. Niliona fidia mkononi na nikaogopa. Aliuondoa mguu wake.

Hakukuanzwa upya. Msuluhishi alitoa uamuzi wake baada ya muda: fidia ilipwe, na barua ya awali ifutwe kwa maandishi, nakala iende chama cha msingi. Nilipandisha sauti kwa furaha nyumbani kwangu mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Barua mpya ilikuwa ya mistari mitatu, Kiingereza tena. Dada alitaka isomwe mkutanoni, na isomwe na mimi. Siku hiyo uwanja wa chama ulijaa. Nikaifasiri polepole: kwamba barua ya kwanza isihesabiwe, kwamba madai yamekubaliwa, kwamba wanamshukuru kwa kuwa mteja wao.

Yule shemeji mwenye mdomo akasimama. "Mwalimu, sijasikia radhi. Wameomba radhi?"

"Hawakuomba."

"Basi shemeji, mimi naomba," akasema, na akakaa haraka, na watu hawakujua wacheke au wapige makofi. Mwenyekiti akauliza nani anamchukua dada yangu kwenye kikundi. Mikono iliinuka, ya kwanza ikiwa ya shemeji. Dada yangu alifunga kanga upya kiunoni. Alikuwa anaendelea kulima.

Ndipo mama wa kwaya aliposema kutoka nyuma, kwa sauti ile isiyohitaji kipaza sauti: "Mwalimu, soma na pale waliposema sisi tuliojenga hatukukosa."

Nikaitazama barua. Mistari mitatu. Kwa nukta moja nilifikiri kuongeza wa nne, nani angejua?

"Hakuna, mama," nikasema. "Hawakuandika."

"Hawakuandika," akarudia. Swali lake lilikuwa la kila mtu pale: bani likiungua kesho, twende au tusiende? "Basi rudi ukawaambie waandike."

Nilirudi. Ofisa ni yuleyule, na shikamoo ni ileile. Nilimwambia kinachotakiwa: mstari mmoja, Kiswahili, kwenye ule muhtasari wanaogawa, useme mtu aliyeunguliwa apige picha, aite mwenyekiti wa kijiji ashuhudie, kisha majirani wajenge, na bima yake isivunjike. Nilimweleza kwa upole wote niliobaki nao.

"Nakuelewa kabisa, mzee wangu," akasema. "Ila fomu ya ombi kama hilo hatuna."

Nikamwomba karatasi tupu. Hakuwa na haraka ya kunipa, nikachukua mwenyewe kutoka kwenye mashine yao, nikaketi kwenye benchi la wateja, nikaandika. Nimekwenda mara nne tangu hapo kuulizia jibu. Wananiona dirishani wananijua. Mlinzi hunisogezea benchi kivulini kabla sijasema kitu.